Fishi ya malipo: kila saa ya kazi iwe na jina lake

Mwisho wa mwezi, mbele ya mlango wa biro ya malipo, maneno ni yale yale. Mtumishi anashika fishi mkononi, anaiangalia juu mpaka chini, kisha anauliza: « Siku ya Mungu nilitumika. Hapa inaonekana wapi? » Mwenye kulipa anafungua daftari na kujibu: « Mimi nalipa yenye iko imeandikwa. »

Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Mmoja alitumika. Mwingine, katika daftari lake, hakuna mahali ambapo kazi ile ingeweza kuandikwa. Ugomvi wao haukuanza siku ya malipo. Ulianza siku ile mtu alipochora daftari la pointaji na kuweka mistari mitatu tu: jina, tarehe, sahihi.

Katika miji ya mashariki, mashirika, mahospitali, masomo ya kipekee, depo na mikate (yaani boulangerie) wanaendelea kuacha daftari na kuingiza masaa ya kazi katika kompyuta. Wengine wameweka mashine ya kugusa kwa kidole. Watu wanafikiri mashine itamaliza ugomvi. Lakini mashine inahesabu tu kile ilichofundishwa kuhesabu. Kama hakuna aliyeiambia kwamba saa ya usiku si sawa na saa ya mchana, itajumlisha zote pamoja, haraka na bila aibu.

« Catégorie » na rubrika si kitu kimoja

Kwanza inafaa kutenganisha maneno mawili. Watumishi wa Congo wanajua vizuri neno « catégorie ». Hiyo ni ngazi ya mtu mwenyewe katika kazi: kuanzia « manœuvre ordinaire » mpaka « maîtrise », na juu yao wakubwa wa kazi. Ngazi hiyo ndiyo inaonyesha mshahara wake wa msingi hauwezi kushuka chini ya kiasi gani.

Rubrika ni kitu kingine. Ni mstari mmoja ndani ya fishi ya malipo: masaa ya kawaida, masaa ya zaidi, usiku, likizo, ugonjwa, transporti, makato ya CNSS. Watu wawili wenye catégorie moja wanaweza kuwa na mshahara wa msingi uleule, lakini mwisho wa mwezi wakapata franka tofauti, kwa sababu mmoja alitumika siku za mapumziko na mwingine hapana. Kama fishi haina rubrika za kuonyesha tofauti hiyo, mmoja wao ameibiwa, hata kama hakuna aliyekusudia kumwibia.

Sheria inatambua saa za namna gani

Sheria n° 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ile watu wanaita Code du travail, ambayo ilirekebishwa mwaka 2016, inaweka mpaka wa masaa 45 kwa juma na masaa 9 kwa siku. Kinachopita hapo ni masaa ya zaidi, yaani « heures supplémentaires ».

Masaa ya zaidi hayalipwi yote kwa bei moja. Masaa 6 ya kwanza yanayopita mpaka wa juma yanaongezwa asilimia 30. Yale yanayofuata baada ya hayo 6 yanaongezwa asilimia 60. Saa iliyotumikwa siku ya pumziko la juma, ambayo kwa wengi ni siku ya Mungu, inaongezwa asilimia 100. Ni kusema inalipwa mara mbili.

Halafu iko usiku. Kwa sheria ya Congo, kazi ya usiku ni ile inayofanyika kati ya 19h00 na 5h00, na saa zake zinaongezwa asilimia 25. Kwa kazi fulani za kungojea na kuchunga, kama ile ya walinzi, kuna masharti ya pekee juu ya namna ya kuhesabu masaa. Ndiyo sababu haifai kuchukua hesabu ya fundi wa mikate na kuibandika juu ya sentinele bila kuangalia masharti hayo.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kompyuta, mwajiri ana saa za namna tano mbele yake: ya kawaida, ya asilimia 30, ya asilimia 60, ya siku ya pumziko, na ya usiku. Kila moja inahitaji rubrika yake.

Hesabu ya juma moja

Mfano mmoja unasaidia kuona uzito wa jambo hili. Tuseme fundi wa mikate huko Butembo ana mshahara wa msingi wa 780 000 Fc kwa mwezi. Anatumika siku 6 kwa juma, masaa 7 na nusu kila siku. Jumla ni masaa 45. Masaa 45 mara majuma 52, ukigawanya kwa miezi 12, unapata masaa 195 kwa mwezi. Franka 780 000 ukizigawanya kwa 195, saa yake moja ni 4 000 Fc.

Juma hilo kulikuwa na sherehe nyingi, mikate ikaombwa sana. Akafanya masaa 8 ya zaidi kati ya siku ya kwanza na siku ya posho, kisha akaitwa siku ya Mungu kwa masaa 5. Tena, kila siku kati ya zile 6 alianza kazi saa 3h00 ya usiku, kwa hiyo kutoka 3h00 mpaka 5h00 alikuwa ndani ya masaa ya usiku: masaa 2 mara siku 6, ni 12.

Hesabu inakuwa hivi:

– masaa 45 ya kawaida kwa 4 000 Fc: 180 000 Fc
– masaa 6 ya zaidi kwa 5 200 Fc: 31 200 Fc
– masaa 2 yanayofuata kwa 6 400 Fc: 12 800 Fc
– masaa 5 ya siku ya Mungu kwa 8 000 Fc: 40 000 Fc
– nyongeza ya usiku, masaa 12 kwa 1 000 Fc: 12 000 Fc

Jumla ni 276 000 Fc.

Sasa mtu huyohuyo, kazi ileile, lakini daftari lina mstari mmoja tu wa « masaa ». Mwenye kulipa atajumlisha 45, 8 na 5, apate 58, azidishe kwa 4 000: ni 232 000 Fc. Fundi amepoteza 44 000 Fc kwa juma moja. Na kama daftari haliandiki masaa hata kidogo, linaandika tu « alikuja », atalipwa 180 000 Fc na kupoteza 96 000. Hakuna aliyefuta kitu wala kugushi sahihi. Ni mistari tu ilikosekana.

Mambo yakiendelea hivyo kwa majuma manne, katika ile hali ya mstari mmoja, ni 176 000 Fc: zaidi ya moja kwa tano ya mshahara wake wa msingi. Hiyo ni minervale ya mtoto, ao kodi ya nyumba.

Siku ambazo mtu hakuja, lakini analipwa

Kosa lingine kubwa ni kuweka alama moja kwa kila mtu ambaye hakuonekana kazini. Daftari linaandika « absent », na kompyuta inakata siku. Lakini sheria haichanganyi mambo hayo.

Likizo ya mwaka ni angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mzima wa utumishi, na inaongezeka siku 1 kila baada ya miaka 5 kwa mwajiri yuleyule. Hiyo inalipwa.

Mambo ya familia nayo yana siku zake: siku 2 mtumishi akioa ao akiolewa, siku 2 bibi yake akizaa, siku 4 akifiwa na bibi, bwana, mzazi ao mtoto, siku 1 mtoto wake akioa ao akiolewa. Hizo ndizo zinaitwa « congés de circonstances ». Anayerudi kutoka matangani kisha akute siku zake zimekatwa, shida yake si sheria. Shida ni kwamba karani hakuwa na rubrika ya kuziandika.

Mgonjwa mwenye karatasi ya munganga anaendelea kupata theluthi mbili za malipo yake wakati mkataba umesimama kwa sababu ya ugonjwa. Kwa fundi wetu, ambaye siku yake moja ni 30 000 Fc, ni 20 000 Fc kwa siku. Akilala siku 6, ni 120 000 Fc. Akiandikwa « absent », ni sifuri.

Mama anayejifungua ana majuma 14, na katika majuma hayo ana haki ya theluthi mbili za malipo yake. Kumuandika pamoja na wagonjwa kunaharibu hesabu zote mbili. Inafaa awe na rubrika yake.

Siku kuu za taifa, kama vile 1 Mei na 30 Juni, zisitiwe ndani ya siku za kawaida wala ndani ya « absent ». Ziwe peke yake, ili ionekane nani alipumzika na nani aliitwa kazini.

Franka ambazo si mshahara

Upande wa pili wa fishi unaleta mtego mwingine. Mwajiri anamwambia mtu: « Utapata 300 000. » Kumbe katika fishi imeandikwa msingi 120 000, na nyingine zote ni « transporti » na « logement ». Mtumishi anaona jumla ni ileile, anasaini.

Lakini Code du travail inasema wazi kwamba feza ya transporti, ya nyumba, matunzo ya afya, posho za familia za kisheria na gharama za safari si sehemu ya mshahara. Matokeo yanaonekana baadaye: hesabu zinazofuata mshahara, kama ya likizo na ya kumaliza mkataba, zinafanyika juu ya ile 120 000. Rubrika ya transporti ilipie transporti kweli. Ikitumiwa kuficha mshahara, mtu analipwa leo na kupunguziwa kesho.

CNSS nayo inafuata njia hiyo. Mchango wote ni asilimia 18: mtumishi anakatwa asilimia 5, mwajiri anatoa 13. Wakati masaa ya zaidi yanalipwa kwa mkono, nje ya fishi, mtumishi anafurahi kwamba hakukatwa kitu. Lakini franka hizo hazitaonekana siku ya kuomba pensheni. INPP na ONEM ni mzigo wa mwajiri. Zikionekana upande wa makato ya mtumishi, kuna kosa katika upangaji. Hata avansi inapaswa kuwa na mstari wake, na tarehe ilipotolewa, ili isikatwe mara mbili.

Namna ya kuanza

Kazi hii haihitaji programu ya bei kali. Inaanzia kwenye karatasi. Mwajiri, karani wa malipo na mjumbe wa watumishi wanakaa pamoja, wanaandika orodha ya rubrika, na kila moja inapewa herufi fupi: K kwa kazi ya kawaida, Z kwa zaidi, P kwa siku ya pumziko, U kwa usiku, S kwa siku kuu ya taifa, L kwa likizo, F kwa jambo la familia, M kwa ugonjwa, B kwa uzazi, H kwa asiyekuja bila sababu. Mbele ya kila herufi wanaandika mambo manne: maana yake, inalipwa kiasi gani, karatasi gani inaithibitisha, na nani anaruhusiwa kuiandika. Orodha hiyo inabandikwa ukutani. Majina yale ya ukutani ndiyo yarudi katika daftari, katika kompyuta na katika fishi, bila kubadilika.

Mwenye kufanya pointaji asiombwe kuchagua kati ya asilimia 30 na 60. Yeye aandike Z tu. Masaa 6 ya kwanza yanahesabiwa kwa juma. Kwa hiyo mpaka juma liishe, hakuna anayejua saa gani iko upande gani. Kazi ya kugawanya ni ya karani, ao ya programu, juma likifungwa. Anayehesabu 6 za kwanza kwa mwezi mzima badala ya juma anahamisha masaa mengi kutoka 30 kwenda 60, na fishi yote inapotoka. Na juma likianza tarehe 29 na kuisha tarehe 4, iandikwe mapema litalipwa katika mwezi gani. Vinginevyo litaanguka katikati, ao litalipwa mara mbili.

Kuna mitego mitatu ya saa ambayo watu wa mashariki wanaifahamu. Wa kwanza: « saa tatu » ya Kiswahili ni 9h00 kwa Kifaransa, na mtu akiandika « saa 3 » peke yake, karani anaweza kusoma 3h00 ya usiku ao 15h00. Dawa ni kuandika masaa 24 kwa tarakimu: 03h00, 09h00, 15h00.

Wa pili: saa ya mashariki iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kompyuta iliyopangwa kwa saa ya Kinshasa itamuandika mtu wa Goma aliyetoka 20h00 kwamba alitoka 19h00, na ile saa yake ya usiku imepotea.

Wa tatu: anayeanza 22h00 siku ya posho na kumaliza 6h00 siku ya Mungu yuko katika tarehe mbili. Programu ikiweka masaa yote 8 kwenye tarehe ya kuanza, yale 6 ya baada ya 0h00 yanakaa chini ya siku ya posho. Inapaswa kuambiwa ikate katikati ya usiku.

Vilevile mkataba useme mshahara ni kwa feza gani. Sheria inataka mshahara uandikwe kwa feza halali ya nchi, yaani franka. Pale watu walizoea kusemezana kwa dola, fishi ionyeshe kiwango cha kubadilisha na tarehe yake. Bila hivyo, mtu hawezi kujua kama franka zimepungua kwa sababu ya masaa ao kwa sababu ya kiwango.

Kabla ya kulipa kwa mpango mpya, inafaa kuchukua mwezi mmoja uliopita na kuuhesabu upya, kwa watu wachache ambao hali zao hazifanani: mmoja wa usiku, mmoja aliyekuwa mgonjwa, mmoja aliyetoka likizo, mmoja aliyechukua avansi. Zihesabiwe kwa kalamu, kisha kwa programu. Mahali majibu yanapachana ndipo kosa liko.

Wanaotumika kwa siku

Wengi mashariki hawana mshahara wa mwezi. Wanaitwa asubuhi, wanalipwa jioni. Kwa hao pointaji ina uzito wa pekee. Sheria inasema mtu wa kazi ya siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akaitwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Ni kusema anaingia katika likizo, katika ugonjwa wenye malipo, katika taarifa kabla ya kufukuzwa. Lakini siku 22 zinahesabika tu kama ziliandikwa mahali. Kikaratasi kinachochanwa kila jioni kinamrudisha kila asubuhi kuwa mgeni.

Muda hautungoji

Mtumishi anayeona kosa asikae nalo moyoni. Madai ya mshahara yanazeeka kwa mwaka 1, kuanzia siku mshahara ulipopaswa kulipwa. Madai mengine ya mkataba wa kazi, kwa kawaida, ni miaka 3. Njia inaanzia kwa karani na kwa mjumbe wa watumishi; isipofaa, inaendelea kwa Inspection du travail ili kupatanishwa; kisha, ikibidi, kwa tribunali. Katika kila hatua swali la kwanza litakuwa moja: karatasi iko wapi?

Ndiyo maana fishi, ambayo mwajiri analazimika kuitoa kila anapolipa, inafaa kuwekwa vizuri, hata kwa kuipiga picha kwenye simu na kumtumia ndugu aliye mbali. Katika miaka hii watu wengi wamehama mbio, makarakara yote yakabaki nyuma. Anayetumika na awe pia na kadaftari kake: siku, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na ile herufi ya ukutani.

Kwa mwajiri nako kuna faida. Mwenye rubrika wazi anajua usiku unamgharimu kiasi gani, na masaa ya zaidi yamefikia wapi kabla mwezi haujaisha. Na siku mtu atakaposimama mlangoni na kuuliza siku yake ya Mungu inaonekana wapi, karani hatahitaji kupaza sauti. Ataweka kidole kwenye mstari na kusema: « Hii hapa, masaa 5. »